Wezi Wenye Tai: Jinai ya Marekani na Wanaoihesabu

Desemba 1939, mjini Philadelphia, Edwin Sutherland alisimama mbele ya wanasosholojia wenzake wa Marekani akawashutumu kwamba wanamtafuta mhalifu upande mmoja tu wa mji, kwa maskini. Wakurugenzi wa makampuni nao huvunja sheria, alisema, ila kesi zao huishia kwenye tume na faini, mbali na kizimba cha jinai.

Hesabu za taifa zilikuwa zikimthibitishia. Shirika la upelelezi la FBI lilianza kukusanya takwimu za polisi mwaka 1930, na orodha yake kuu ikawa ya makosa saba: mauaji, ubakaji, unyang'anyi, shambulio la kudhuru mwili, uvunjaji wa nyumba, wizi na wizi wa magari. Uchomaji moto wa makusudi uliongezwa 1979. Kampuni kula njama ya bei na washindani wake haikuwemo.

Si kwamba jinai ya mtaani ni jambo la kubeza. Mwaka 1991 waliuawa watu zaidi ya 24,000, yaani 9.8 kwa kila 100,000. Kufikia 2014 kiwango kilikuwa kimeshuka chini ya nusu. Mwaka 2020 mauaji yakaruka kwa karibu asilimia 30, mengi yakitendwa kwa bunduki na bastola, silaha ambazo nchini humo hupatikana dukani.

Chanzo cha jinai hii ni nini? Wanasosholojia Clifford Shaw na Henry McKay walichora ramani za Chicago wakakuta mitaa ileile chakavu, jirani na viwanda, ikizalisha vijana wahalifu kizazi hadi kizazi, hata Wajerumani na Waayalandi walipohama wakaingia Waitaliano na Wapolandi. Basi kasoro haikuwa kwenye damu ya mtu. Mwanasosholojia Robert Merton akaeleza mwaka 1938 kwamba jamii inayomhimiza kila mtu atajirike, huku ikiwafungia wengi njia halali, inawasukuma kutafuta njia za panya.

Maelezo mazuri, lakini yanamwachaje tajiri anayeiba? Sutherland alijibu kwamba uhalifu hufunzwa: mtu huokota mbinu na visingizio kwa anaoshinda nao, iwe kijiweni au ofisini. Alichunguza makampuni makubwa 70, akakuta maamuzi 980 dhidi yao. Kitabu cha uchunguzi huo kilipotoka 1949, mchapishaji, kwa kuogopa kushtakiwa, alikuwa ameyaondoa majina ya makampuni. Toleo lenye majina lilichapwa 1983, zaidi ya miaka thelathini baada ya mwandishi kufariki.

Wapo wezi wenye tai waliofungwa: Bernard Madoff, aliyewatapeli wawekezaji wake, alihukumiwa kifungo cha miaka 150 mwaka 2009 (miongoni mwa waliolizwa, ikumbukwe, walikuwemo matajiri wenzake). Lakini Purdue Frederick, kampuni ndugu ya Purdue Pharma, watengenezaji wa dawa ya maumivu OxyContin, ilikiri kosa la jinai mwaka 2007 kwa kupotosha umma kuhusu hatari ya uraibu. Wakubwa watatu wa Purdue nao walikiri, wakapewa faini na uangalizi wa mahakama. Hakuna aliyefungwa. Mwaka 2020 Purdue Pharma yenyewe ikakiri makosa ya jinai.