Namna ya kuchagua saa ya mvuto kwa gari la zamani hapa Bukavu

(Maneno ya komite ya gari mbele ya mkutano wa wamemba)

Mulituomba tueleze habari ya ile saa ndogo iliyo mbele ya shofere, na juu ya nini tulinunua ya pili wakati ya kwanza ilikuwa bado nzima. Ni makuta yenu, basi muko na haki ya kujua.

Gari yetu munaijua: Land Cruiser FJ45, pikapu ya zamani, motere ya benzini, silinda sita. Njo inabebaka vyombo vya jamaa wanaorudi, mbao za nyumba, na wagonjwa wetu. Motere ya namna hii inavuta hewa kupitia karbirateri. Shofere akiachilia mguu, kile kifuniko cha ndani ya karbirateri kinakaribia kufunga, na pistoni zinabaki zinavuta kwa nguvu. Ule mvuto njo saa inapima. Kama valvu imeungua, kama joenti inavuja, kama segma zimechoka, sindano inaanza kusema mbele hamujafungua bisi hata moja.

Saa ya kwanza tuliichagua kwa macho. Ilikuwa ya kupendeza: nyekundu, njano, kijani. Kijani kilianza kwenye 17. Tulipoifunga hapa Bukavu, sindano ikasimama kwenye 15, ndani ya njano. Fundi wetu, aliyejifunza kazi Kigoma wakati tulikuwa wakimbizi, akasema: "Kule magari mazima yalikuwa yanapita 17. Hii imechoka." Tukapiga hesabu ya kufungua motere, kubadilisha segma na kusaga valvu: dola 600. Kisanduku chetu kilikuwa na kidogo tu kupita hapo, na mama mmoja kati yetu alikuwa anangoja mchango wa matanga. Tulibakiza kutia sahihi tu.

Kilichotuokoa ni safari. Familia moja ilikuwa imeomba gari zamani, na hatukutaka kuvunja ahadi. Tukapita Nyangezi, tukashuka mlima wa Ngomo mpaka Kamanyola, tukafika Uvira. Pale, motere ikiwa inanguruma polepole, sindano ilikuwa kwenye 17 na kidogo, ndani ya kijani. Hatukuwa tumegusa kitu. Tuliporudi Bukavu, 15 tena. Gari ile ile, saa ile ile.

Kumbe ni mlima! Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Uvira na Kigoma ziko kando ya ziwa moja, Tanganyika, karibu mita 770. Saa inapima tofauti kati ya hewa ya nje na ile ya ndani ya motere. Ukipanda juu, hewa ya nje inapungua nguvu, na namba inashuka hata kama motere ni nzima. Hesabu ni hii: toa inchi 1 kwa kila mita 300. Kando ya bahari motere nzima inaonyeshaka 17 mpaka 21. Toa 5 za Bukavu, inabaki 12 mpaka 16. Ile 15 yetu ilikuwa afya.

Basi, mwenye gari la zamani akitaka kununua saa, aangalie haya:

Kwanza, gari iwe ya benzini. Motere ya mazutu, kama ile ya malori mengi ya hapa, kwa kawaida haina mvuto wa namna hii. Usitupe makuta.

Pili, chagua saa yenye namba wazi, kutoka 0 mpaka 30 za inchi, ao 0 mpaka 76 za sentimeta. Rangi zilipangwa kwa watu wa kando ya bahari.

Tatu, acha ile inayopima pia turbo. Upande wa mvuto unakuwa umebanwa, na huwezi kuona sindano ikitikisika.

Nne, mpira wake uwe mgumu, usijikunje motere ikivuta. Uungwe chini ya karbirateri, upande wa motere. Usikate mpira wa breki.

Tano, tazama mwendo wa sindano kuliko namba. Ikisimama imara, ni vizuri. Ikiruka kila mara kwa mpigo mmoja, shuku valvu. Ikiwa chini sana na imetulia, tafuta kwanza hewa inayoingia kwa joenti, ao moto wa buji unaochelewa. Kanyaga kwa nguvu halafu achilia: ikianguka karibu na 0, kisha ikaruka juu kupita pale ilikuwa, segma zingali na nguvu.

Na siku ya kuifunga, gari ikiwa nzima, andika namba yake ya hapa Bukavu. Yetu tumeiandika kwa rangi nyeupe karibu na usukani: 15. Ikishuka kutoka pale, tutashtuka.

Saa ya kwanza tulinunua bila kuuliza, na kwa hiyo tunaomba musamaha. Motere haikufunguliwa. Mama alipewa mchango wake, na wengi wenu mulikuwa pale kwenye matanga. Mwenye ulizo atuone kwenye gari kiisha mkutano.