Zumari ya Kizungu na Kiwango cha Sauti

Wasikilizaji wetu, wengi wenu mmepata kusikia zumari katika ngoma za pwani. Leo twataka kuwaelezeni habari za ndugu yake wa Ulaya, aitwaye obo, na hasa obo kuukuu, ambazo huuzwa kwa bei nafuu zikawatia wanunuzi hasara.

Obo, kama zumari, hulia kwa vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja. Mwili wake siku hizi huchongwa mara nyingi kwa mpingo, mti umeao Tanzania na Msumbiji.

Zamani nchi hazikuwa na kiwango kimoja cha sauti. Mwaka 1859 Ufaransa iliamuru kwamba sauti iitwayo La iwe na mitikisiko 435 kwa sekunde. Uingereza bendi nyingi zilipanda hata kama 452. Mwaka 1939 wajumbe wa nchi kadhaa walikutana London, wakapatana 440. Basi obo ya 452 huwapita wenziwe wa leo kwa karibu robo ya sauti nzima, na sikio halivumilii.

Labda mtu atasema, "Si kitu, tutaivuta tete nje kidogo, chombo kirefuke, sauti ishuke." Kweli itashuka, lakini si sawasawa. Sauti za matundu ya juu, ambazo njia yake ya pumzi ni fupi, hushuka sana. Zile za chini hushuka kidogo. Ukitengeneza moja, waharibu nyingine. Matundu yamekwisha tobolewa. Samaki mkunje angali mbichi.

Yuko na nduguye mkubwa, aitwaye Pembe ya Kiingereza. Huyu si pembe hata kidogo, ni obo ndefu yenye sauti nzito zaidi, na mwisho wake umevimba kama kibuyu. Tete yake huchomekwa katika mrija uliopindika. Mrija waweza kubadilishwa kwa ulio mrefu zaidi, lakini dawa hiyo nayo ina mpaka, kwa sababu ile ile.

Kwa hiyo, walimu na wakuu wa bendi, kabla hamjatoa fedha pigeni sauti zote, toka chini hata juu, mkizilinganisha moja moja na piano iliyotiwa sawa. La peke yake haitoshi. Chombo cha zamani si kibovu. Hulia vizuri kikiwa pamoja na wenzake wa kiwango chake.