Mtoto wa Jicho na Wajibu Wetu kwa Wazee

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia kusikia na kuona. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, ninawausia, nami ninaiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Hapa kwetu Buguruni wapo wazee wasioweza tena kuivuka Barabara ya Uhuru bila kushikwa mkono. Mboni imefanya weupe, nuru imefifia, na mjukuu ameachishwa chuo ili awe fimbo ya babu. Tukiulizwa, husema: ni uzee, ni kadari, tusubiri. Subira ni ibada. Lakini kumwacha mzazi gizani hali tiba ipo si subira, ni uzembe.

Maradhi hayo aghalabu ni mtoto wa jicho. Nyuma ya mboni ipo lenzi safi mfano wa kioo; umri ukienda huingia ukungu. Kisukari na tumbaku huuharakisha. Hakuna matone wala mitishamba iuondoayo, na kulichoma jicho kwa sindano mitaani ni kuliangamiza. Tiba yake ni operesheni: daktari huitoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia. Kwa kawaida jicho hutiwa ganzi tu. Huduma hiyo hupatikana Muhimbili, na CCBRT kule Msasani. Wala elimu hii si ngeni kwa Waislamu: yapata miaka 1,000 iliyopita, Ammar bin Ali wa Mosul aliandika huko Misri namna ya kuufyonza ukungu huo kwa sindano yenye tundu.

Wapo wazee wanaokataa kwa kuihofia Sala: nitasujudu vipi, nitatawadha vipi? Hofu hiyo ni tukufu. Imepokewa kwamba Ibn Abbas (r.a.), alipopofuka uzeeni, aliambiwa kuwa akitibiwa itampasa kusali siku kadhaa amelala, naye akaacha. Lakini wanazuoni waliitazama mas-ala hii, na Imamu Nawawi, katika madhehebu ya Shafii, ameipa nguvu kauli ya ruhusa: tabibu mwaminifu akisema tiba yahitaji hivyo, mgonjwa na asali amelala. Siku hizi jambo ni jepesi zaidi. Akikatazwa kuinama, ataashiria rukuu na sijida kwa kadiri aliyoruhusiwa. Akikatazwa maji jichoni, ataosha viungo vizima na kutayamamu kwa sehemu isiyofikiwa na maji. Sala haikuondoka, imefanywa nyepesi.

Wala msikawie. Si kila upofu ni mtoto wa jicho. Presha ya macho huiba nuru kimya kimya, na iliyopotea hairudi. Mzee apimwe mapema, daktari abainishe.

Enyi vijana, mnakumbuka habari za Nabii Yaakub (a.s.). Macho yake yalipofanya weupe kwa huzuni, ni wanawe waliomletea kanzu ya Yusuf, akaona tena kwa idhini ya Mola wake. Nanyi, mnamletea nini baba yenu? Nauli ya hospitali, siku moja ya kazi, mkono wa kumshika: hiyo ndiyo kanzu yenu.

Nasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwangu na kwenu. Awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie mwisho mwema. Amin.