Joto Linalopotea Katika Injini
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Ninyi mnaosikiliza kwa vikundi, nawaomba mwenye chaki akae karibu na ubao, maana leo tuna hesabu, nayo nataka kila mtu aione.

Juma lililopita tulizungumza juu ya kupima joto. Nilikuwa nimekusudia kuendelea na habari za kuganda na kuyeyuka kwa vitu, lakini nimepata barua iliyonifanya nigeuze mpango. Imetoka kwa katibu wa chama cha ushirika chenye mashine ya kusaga mahindi, inayoendeshwa kwa injini ya dizeli. Amewajia mtu anayeuza kifaa cha kufunga kwenye bomba la moshi. Muuzaji anasema kifaa hicho hulikamata joto lote linalotoka na moshi na kulirudisha ndani ya injini, hata injini itumie robo tu ya mafuta inayotumia sasa. Wanachama wamekwisha changa nusu ya bei, nayo iko kwa mweka hazina. Katibu anauliza: walipe?

Fedha hizo ni jasho la watu, kwa hiyo tutalijibu swali hili leo. Nasi hatutamkisia muuzaji moyo wake. Tutalipima neno lake tu.

Tuanze na joto lenyewe. Katika miaka ya 1840 Mwingereza mmoja, James Joule, alifunga vitu vizito kwenye kamba, akavifanya vinaposhuka vizungushe makasia madogo ndani ya chombo cha maji. Maji yale yakapata joto. Joto lenyewe lilikuwa dogo sana, lakini Joule alikuwa mtu wa subira na kipimajoto chake kilikuwa kizuri. Alichokigundua ni kwamba kazi ya kiasi fulani huleta joto la kiasi kile kile kila mara. Kwa vipimo vya leo twasema hivi: joto la kuongeza digrii 1 katika kilo 1 ya maji ni sawa na kazi ya kuiinua kilo hiyo mita 427.

Hebu fikirini maji ya chai. Kilo moja ya maji yenye digrii 25, ukiyachemsha yafike 100, umeyaongezea digrii 75. Zidisha 75 kwa 427. Utapata mita 32,025. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895. Basi joto ulilolitia katika sufuria ile lingetosha kuyainua maji hayo juu kuliko Kilimanjaro tano zilizopandana! Na mama huwasha moto wa chai kila asubuhi bila kujua kwamba ana nguvu ya namna hiyo jikoni.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza. Joto na kazi hubadilishana kwa kipimo kisichopunjwa, na hakuna mashine inayotoa kazi zaidi ya joto lililotiwa ndani.

Sasa, mwenye chaki, andika. Lita moja ya dizeli ina joto la kiasi cha uniti 10, nikisema uniti zile zile za kupimia umeme. Injini ndogo ya kusagia, ikiwa nzima na imetunzwa vizuri, hutoa kazi ya kiasi cha uniti 3 tu. Zile 7 nyingine hutoka na moshi, huingia katika maji ya kupozea, au hupotea kwenye chuma na hewa. Mkitaka ushahidi, tieni mkono katika pipa la maji ya injini baada ya kusaga magunia kadhaa, lakini tieni kwa hadhari.

Muuzaji anasema robo ya mafuta itatosha kufanya kazi ile ile. Robo ya lita ina uniti 2 na nusu. Kazi tunayoitaka ni uniti 3. Yaani atoe 3 mahali palipo na 2 na nusu! Hata kama kifaa chake kingelikamata joto lote, lisipotee hata chembe, bado hesabu haitimii. Neno la robo limekwisha hapo.

Lakini mfanyabiashara hodari hakosi la kusema. Huenda akarudi kesho aseme, "Ulimi uliteleza, nilitaka kusema nusu." Nusu ya lita ina uniti 5, nasi tunataka 3. Hapo kanuni ya kwanza haimkatazi. Lakini iko kanuni ya pili, na hii ndiyo watu wengi hawaijui.

Kwa nini injini isitumie joto lote? Tazameni pistoni ndani ya silinda. Hewa iliyopata moto hutanuka na kuisukuma pistoni mbele. Vema, tumepata kazi. Lakini pistoni haiwezi kwenda mbele milele. Lazima irudi ili isukume tena. Ukiirudisha huku hewa ile ingali na moto wake wote, itakupinga kwa nguvu ile ile iliyokusukumia, na faida yote itakwisha. Aliyewahi kujaza upepo wa baiskeli kwa pampu anajua jinsi hewa inavyokataa kubanwa, na jinsi pampu inavyopata moto. Basi njia ni moja: kabla ya pistoni kurudi, joto lililobaki lazima litolewe, ama kwa kuipoza hewa ile, ama kwa kuitupa nje na kuvuta nyingine iliyo baridi. Kutupa joto, basi, ni sehemu ya kazi yenyewe ya injini. Fundi hodari aweza kulipunguza, lakini hawezi kuliondoa.

Mtu wa kwanza kulifikiri jambo hili mpaka mizizini alikuwa kijana Mfaransa, Sadi Carnot. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 28, alitoa kitabu kidogo juu ya nguvu za moto. Alilinganisha joto na maji ya maporomoko: maji hayazungushi gurudumu mpaka yapate mahali pa kushukia, na joto vivyo hivyo halifanyi kazi mpaka lipate mahali pa baridi pa kuendea. Carnot alidhani joto lote hufika chini bila kupungua, kama maji. Katika hilo alikosea, na wataalamu waliomfuata, Clausius na Thomson, walilisahihisha mnamo 1850 na 1851. Lakini habari ya maporomoko imesimama mpaka leo. Alikufa kwa kipindupindu mwaka 1832, kabla dunia haijamsikia.

Hesabu yake ni hii. Hesabu joto kuanzia baridi ya mwisho kabisa, digrii 273 chini ya sifuri. Yaani ongeza 273 katika kila namba. Kisha toa baridi katika moto, na jibu uligawe kwa moto. Hapo umepata sehemu ya joto iwezayo kuwa kazi, katika injini iliyo kamili kuliko zote.

Tuwapime wale Garratt wakubwa wa reli yetu ya Afrika Mashariki, waliotengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956. Walikuwa 34, kila mmoja wa tani 252 hivi, na wazee waliowaona wakipanda kutoka Mombasa hawajawasahau. Wawili wamehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Mvuke katika boila ulikuwa na joto la kiasi cha digrii 200. Ukiongeza 273, ni 473. Baada ya kazi ulitupwa hewani ukiwa na karibu digrii 100, yaani 373. Toa: 100. Gawa kwa 473: sehemu 21 katika 100. (Ilikuwako mirija ya kuuongeza moto mvuke huo, hiyo tuiache.) Na hizo 21 ni za injini isiyo na kasoro. Kwa kweli gari la moshi halikufikisha hata 10.

Kama mvuke ule ungalipozwa mpaka digrii 40 badala ya kutupwa, hesabu ingalipanda kufika 34. Ndiyo maana James Watt alipata hataza mwaka 1769 kwa ajili ya chombo cha kupozea mvuke kilicho mbali na silinda, na ndiyo maana mitambo ya umeme hutafuta bahari, mto au minara ya kupozea. Lakini nani angaliweza kukokota mnara juu ya reli? Kule Olkaria, ambako umeme wa mvuke wa ardhini ulianza mwaka 1981, mvuke una kiasi cha digrii 150 tu. Pigeni hesabu wenyewe kwa baridi ya digrii 40. Mkipata 26, mmeelewa somo.

Sasa turudi kwa dizeli. Rudolf Diesel aliibana hewa kwa nguvu mpaka ikapata moto wa kuwasha mafuta bila cheche, na injini yake ilipopimwa Augsburg mwaka 1897 ilitoa sehemu 26 katika 100, jambo la ajabu kwa siku zile. Leo injini kubwa za dizeli za meli, zenye urefu wa nyumba ya ghorofa, hufikia nusu au kupita kidogo. Muuzaji anayesema injini ya kusagia itatumia nusu ya mafuta anadai sehemu 60 katika 100, yaani injini ya kijijini iwashinde wafalme wa baharini kwa sababu ya kopo lililofungwa kwenye bomba!

Sisemi joto la moshi halina faida. Laweza kuchemsha maji, na magari makubwa hutumia moshi kuzungusha feni ya kusukuma hewa ndani ya injini. Hiyo husaidia, kwa kiasi. (Lakini msikaushie mahindi kwa moshi wenyewe, wala msiufungie ndani ya nyumba. Una sumu inayoua.)

Basi, Bwana Katibu, fedha zibaki kwa mweka hazina. Mwambie muuzaji akifunge kifaa chake juma moja bila malipo. Juma la kwanza sageni bila kifaa, juma la pili sageni nacho. Mahindi ya namna moja, chekeche ile ile, na mwandike lita za dizeli kwa kila gunia, mbele ya wanachama wawili wasio ndugu. Akitaka alipwe kwanza, mrudishieni kifaa chake. Na maji ya pipa msiyapunguze kwa kudhani mnaokoa joto, mtaunguza injini.

Juma lijalo tutaigeuza injini kinyumenyume, tuone jinsi friji inavyolipandisha joto kutoka kwenye baridi kwenda kwenye moto, na gharama yake. Kwaherini.