Mbwa Anaweza Kula Karanga?
(Mazungumzo kwa wamama na wababa wanaongoja kliniki, Bunia)



Leo ulizo letu ni hili: karanga ni chakula kizuri kwa mbwa? Wengine watasema, "Tulikuja juu ya mutoto, na ninyi munatuongelesha mambo ya mbwa!" Ngojeni kidogo. Ni jambo la mutoto vilevile.

Karanga safi, bila maganda na bila chumvi, hazimudhuru mbwa akila kidogo. Lakini karanga zenye ukungu zinaweza kumwua.

Tunajua namna inavyokuwa. Karanga zinavunwa, mvua inanyesha, zinaingizwa katika mufuko mbele ya kukauka, na mufuko unalazwa chini kwenye udongo. Kisha wiki chache mama anaufungua. Zile nzuri anazipeleka sokoni. Zile zilizoharibika kidogo anazitwanga kwa sombe na kwa uji wa mutoto, sababu zikitwangwa ubaya hauonekani tena. Zile zilizooza kabisa anamutupia mbwa.

Ukungu ule unaweza kutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Macho hayaioni, na moto wa jikoni hauwezi kuimaliza. Mwaka 1960 kule Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula kilichotengenezwa na karanga zenye sumu hii.

Sumu hii inashambulia maini. Mbwa anakataa chakula, anatapika, anakosa nguvu, macho na ufizi vinakuwa manjano, tena anaweza kuhara damu. Ukiona hivi, ondoa chakula kile na umupeleke upesi kwa munganga wa nyama.

Sasa tuongee juu ya mutu. Maini yetu nayo yanaumizwa na sumu ileile. Mwaka 2004 kule Kenya, watu 317 waligonjwa na 125 wakafa, sababu ya mahindi yenye ukungu. Na mutu anayekula kidogo-kidogo kwa miaka mingi anaweza kupata kansa ya maini, zaidi sana kama ana ugonjwa wa hepatiti B. Kwa hiyo usiseme, "Mbwa wangu alikula, hakufa." Sumu kidogo ya kila siku inafanya kazi polepole.

Basi, tufanye hivi:

1. Anika karanga juani, juu ya mukeka, mpaka ukitikisa ganda usikie mbegu inalia ndani.
2. Weka mufuko juu ya miti, mbali na ukuta. Usiulaze chini.
3. Mbele ya kutwanga, chagua moja-moja. Ondoa zilizo kijani, nyeusi, zilizokunjamana, na zile zenye uchungu mudomoni.
4. Nunua karanga nzima, uzitwange mwenyewe nyumbani. Katika unga hutaona kitu.
5. Zile mbaya usimupe mbwa wala kuku. Usimupe mbuzi wa maziwa, maana sumu inapita katika maziwa. Usikamue mafuta, usiuze. Zifukie.

Tunajua ni vigumu kutupa chakula wakati bei ya sokoni inapanda. Lakini kikombe kimoja cha karanga mbaya hakilingani na maini ya mutoto.

Shikeni neno hili: karanga usizoweza kumupa mutoto, usimupe mbwa, na zile unazotaka kumutupia mbwa, usizitwange kwa uji.

Sasa, nani ana ulizo?