Pasipoti ya Pili
(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumze juu ya uraia, nadhani kwa kuwa kazi yangu serikalini ni kuandikisha vizazi na vifo. Nitaanza na simu niliyopigiwa na mdogo wangu, ambaye naye alilala katika mabweni haya, na sasa anaishi Marekani. Alisema, "Kaka, mwenzangu kazini anahangaika kutafuta cheti cha kuzaliwa cha bibi yake huko Ireland. Anataka pasipoti ya pili. Siasa za kwao zimemchosha." Kisha akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha.

Mwenzake huyo hayuko peke yake. Usiku wa uchaguzi wa Novemba 2016, watu walifungua tovuti ya uhamiaji ya Canada kwa wingi hata ikazimika. Baada ya vurugu za tarehe 6 Januari 2021 katika jengo la Bunge la Marekani, na tena baada ya uchaguzi wa 2024, mazungumzo hayo yakaanza upya.

Uraia huo hupatikanaje? Njia kubwa ni damu. Ireland humkubali mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa katika kisiwa hicho, mradi ajiandikishe. Italia kwa miaka mingi haikuweka kikomo cha vizazi. Mwaka 2025 ikabana sheria, na sasa kwa kawaida hesabu haivuki babu na bibi. Ujerumani, kwa Ibara ya 116 ya Katiba yake ya 1949, huwarudishia uraia wale walionyang'anywa na Wanazi, pamoja na wazao wao.

Marekani yenyewe haizuii jambo hilo. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimwamulia Bwana Afroyim, aliyekuwa amepiga kura katika uchaguzi wa Israel, kwamba serikali haiwezi kumvua mtu uraia bila ridhaa yake.

Ndugu zangu, wapo wanaowacheka watu hawa na kuwaita waoga. Mimi siwacheki. Mjukuu wa Myahudi aliyefukuzwa Ujerumani anajua kwamba karatasi yaweza kuokoa roho, na kwamba wengi waliosubiri walikuta mlango umefungwa.

Lakini pasipoti ya pili haimwondolei mtu mzigo wa kwanza. Mmarekani hutakiwa kuitolea serikali yake hesabu za kodi hata akiishi ng'ambo. Tena mlango huo si wa wote. Mmarekani mweusi ambaye wazee wake walichukuliwa utumwani atakipata wapi cheti cha kijiji walikotoka? Msomi W.E.B. Du Bois alipata uraia wa Ghana mwaka 1963, mwaka aliofariki, lakini aliupata kwa hisani ya serikali ile, si kwa cheti cha babu. Mwenye manung'uniko asiye na cheti wala fedha hubaki pale pale, na siasa zile zile.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 kwa kawaida haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Siku alipoinua mkono kuapa kule, alikoma kuwa raia wa hapa. Ndiyo maana alicheka vile. Aliniambia, "Kaka, wenyeji wanatafuta mlango wa nyuma, wangu niliufunga mwenyewe nilipoingia." Mama yetu bado huniuliza atarudi lini, nami humjibu kwamba atakuja kutusalimu.

Vijana, kwenda mbali si kosa. Nendeni mkasome, mkafanye kazi. Ila someni sheria kabla ya kuinua mkono, na tunzeni karatasi za wazee wenu, maana hamjui ni mjukuu gani atazihitaji.

Cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu kimo kabatini mwangu. Kinasema alizaliwa hapa. Mimi niliye mwandikishaji najua kwamba peke yake hakitoshi kumrudisha.