Elektroni Kongwe: Ukungu wa Redio katika Makundi ya Galaksi Yanayogongana



Mwaka 1959 wanaastronomia wa Jodrell Bank, Uingereza, waligundua chanzo cha redio kilichotanda ndani ya kundi la galaksi la Coma. Vipimo vya mwaka 1970 vikathibitisha kuwa mawimbi hayo hayatoki kwenye galaksi moja moja, bali kwenye nafasi iliyo baina ya galaksi hizo. Ukungu huo una upana wa takriban miakanuru milioni 3.

Mawimbi hayo hutolewa na elektroni zenye kasi inayokaribia ya nuru, zikizunguka katika uga wa sumaku ulio dhaifu mara laki kadhaa kuliko wa Dunia. Kadiri zinavyong'aa ndivyo zinavyopoteza nishati, na baada ya miaka milioni 100 hivi huwa zimefifia. Mtu atauliza: je, muda huo hautoshi kuvuka miakanuru milioni 3? Ungetosha kama elektroni ingekwenda moja kwa moja. Lakini uga wenyewe umevurugika. Elektroni hupinda, hurudi, hupinda tena, na nishati yake huisha kabla haijafika mbali. Basi nguvu zake hazikutoka mahali pengine. Zimetiwa nguvu palepale.

Kinachozitia nguvu ni mgongano. Makundi mawili huingiliana kwa kasi ya kilomita elfu kadhaa kwa sekunde, na gesi yao, yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, huchafuka katikati na kusukuma mawimbi ya mshtuko pembezoni.

Kama mfano wa mshtuko huo wa pembezoni, tutazame tao la redio la kundi CIZA J2242.8+5301, lililotangazwa mwaka 2010, maarufu kwa jina la Sausage. Lina urefu wa zaidi ya miakanuru milioni 6, nalo ni jembamba ajabu. Ukingo wa nje, wimbi la mshtuko linakopita sasa, hung'aa hata kwenye masafa ya juu. Ukiingia ndani, masafa ya juu hufifia kwanza, yakabaki ya chini. Hapo tunaona elektroni zikizeeka.

Ila mingi ya mishtuko hii ni hafifu, haiwezi kwa urahisi kuzinyanyua elektroni za kawaida za gesi. Mimi naegemea upande wa wanaosema kuwa elektroni kongwe, zilizotapikwa zamani na mashimo meusi ya galaksi, huamshwa upya kama makaa yaliyofunikwa na majivu yanapopulizwa. Katika makundi yanayogongana ya Abell 3411-3412, mwaka 2017, watafiti walionyesha mkia wa redio wa galaksi ukiungana na tao la namna hiyo.

Darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye sahani 64, imepima makundi 115, na picha zake ziko wazi kwa wote tangu 2022. Kenya ni mshirika wa mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA. Napendekeza wanafunzi wetu waanze na kundi Abell 3667, lenye matao mawili: wapime jinsi mng'ao wa masafa ya juu na ya chini unavyobadilika kutoka ukingo wa nje kuelekea ndani, kisha watafute kama kuna galaksi inayoyalisha.